Mkono Hauna Nguvu na Gemu ni za Risasi: Padi Gani Ununue Ukiwa Mombasa

Mdogo wangu ana miaka 19, mkono wake wa kulia umekunja tangu azaliwe, vidole viwili tu ndivyo vyenye kazi, na gemu anazozipenda ni za bunduki. Si mpira wala magari, bunduki. Miaka yote alikua akienda kwenye pleisteshoni za mtaani hapa Kisauni, anakaa kwenye benchi anaangalia wenzake, akipewa padi anamtembeza yule askari kwa mkono wa kushoto alafu anamuomba wa pembeni amlengee. Nilipoanza kushika pesa kidogo nikasema nimtafutie kitu chake mwenyewe, na mara ya kwanza nilikosea vibaya, kwahivyo nayaandika haya mwengine asije akapoteza pesa vile nilipoteza mimi.

Kabla hujatoa hata shilingi, kaa na mchezaji umuangalie anavyocheza. Gemu ya risasi inataka mambo mengi kwa mpigo, utembee, ulenge, ufyatue, uruke, ujaze risasi, na padi ya kawaida imetengenezwa kwa mtu mwenye vidole gumba viwili na vidole vya shahada viwili vyote vizima. Muulize ni kipi hasa kinamshinda. Mdogo wangu kilikua kinamshinda kule kushikilia kitufe cha kulenga huku anafyatua. Kuna kijana jirani yetu misuli yake inachoka, yeye vitufe anavifikia vyote ila kuibeba padi yenyewe dakika kumi hawezi. Hao wawili ukiwanunulia kitu kimoja, mmoja umemtupia pesa baharini.

Na kuna ya bure ujaribu kwanza. Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, ina kitu kilichoanza 2017 kwa jina la Copilot, siku hizi chaitwa controller assist, padi mbili zinasomeka kama moja, wewe watembea yeye afyatua, ama yeye mwenyewe atumia zote mbili, moja mkononi moja sakafuni. PS5, yaani PlayStation 5, nayo ilipata mfano wake 2023. Kwa simu, Call of Duty: Mobile ina hali ya kucheza iliyorahisishwa, ukishamuweka adui kwenye alama ya kulenga bunduki inapiga yenyewe. Wako watu hiyo tu yawatosha, na kama yatosha usinunue kitu.

Haya, sasa mpangilio wangu. Bei ni zile zilizotolewa nazo kule Marekani, nimepiga dola kwa shilingi 129 hivi, juu yake ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16.

Namba moja ni Xbox Adaptive Controller, na wallahi hakuna inayoikaribia. Ilitoka 2018 kwa dola 99.99, kama shilingi elfu kumi na tatu. Ukiiona ni kama bapa jeupe lenye vitufe viwili vikubwa vya duara, mtu ataweza kuvipiga hata kwa ngumi au kiwiko. Lakini utamu wake uko nyuma, kuna matundu 19 ya milimita 3.5, size ile ile ya iafoni, na kila tundu ni kitufe kimoja cha padi, na ubavuni kuna USB mbili za kuchomeka stiki, ule mpini mdogo wa kutembeza na kulenga. Kwahivyo hununui padi tu, wanunua ubao wa kujengea padi ya mwili wa mtu wako. Yafanya kazi na Xbox One, Series X na S, na kompyuta ya Windows. PlayStation haiingii.

Jambo moja ambalo watu hawaambiwi: haina stiki yake yenyewe. Kwa gemu ya risasi bila stiki huendi popote, kwahivyo hesabu na stiki ya USB, Microsoft walitoa ya kwao 2025 dola 29.99, ama tumia Copilot na padi ya kawaida.

Vile vitufe vya ziada vya kuchomeka kwenye matundu ndivyo vinavyoua mfuko. Logitech wana seti ya vitufe 12 ilitoka 2019, ni dola 99.99 nyengine, ni nzuri na imekamilika. Sisi hatukua na hizo. Tulienda Mwembe Tayari kwenye duka la vifaa vya umeme tukanunua swichi ya kengele ya mlango, ile ya kubonyeza ikirudi, mdogo wangu akavua ndara akazijaribu tatu kwa kidole gumba cha mguu pale pale juu ya stuli mpaka akapata iliyo laini. Fundi wa simu akalehemu waya mbili kwenye jeki ya mono, ile yenye mstari mmoja mweusi kwenye ncha, wala hakuchukua robo saa. Kwa sababu kitufe ni waya mbili zinazogusana, basi. Tukaigundisha swichi kwenye ndara kuukuu isiteleze kwenye vigae, na sasa mguu ndio unaofyatua, goti linalenga kwenye swichi ya pili tuliyoifunga chini ya meza, vidole vyake viwili vya kulia viko kwenye stiki ya USB na kushoto kuna padi ya kawaida imelala pajani. Siku ya kwanza alimpiga mtu wa kwanza bila kusaidiwa akanyamaza kimya kabisa, alafu akaniambia niongeze sauti.

Namba mbili ni Access ya PlayStation, ilitoka Desemba 2023, dola 89.99, kama elfu kumi na moja na mia sita. Hii ni duara inalala mezani au pajani, ina stiki moja na vitufe vimeizunguka, vifuniko vyake vyabadilishwa viwe vikubwa au vya kupinda, na waweza kuizungusha upande wowote mkono unaopenda. Kitu nilichokipenda, kitufe chochote waweza kukigeuza kiwe cha kubonyeza mara moja kikabaki kimeshikwa, kwahivyo kulenga hakuhitaji kushikilia, na kwa wengi hilo peke yake latosha kuwarudisha mchezoni. Matundu ya nje ni manne tu. Na kwa kuwa stiki ni moja, gemu ya risasi yataka ununue mbili au uitumie pamoja na DualSense, ile padi ya kawaida ya PS5, mashine inazikubali Access mbili na DualSense moja zikawa kama padi moja.

Sasa hapa ndipo nilipoumia. Ni ya PS5 peke yake. Sisi wakati huo tulikua na PS4 kama nyumba nyingi hapa, na muuzaji mmoja wa mtandaoni akaniapia kwamba inaingia zote mbili. Ilipofika haikusomeka, pesa hazikurudi, ikabidi niiuze kwa hasara kwa mtu wa Nyali, na mdogo wangu nilimuona vile alivyoiweka kwenye boksi lake taratibu bila kusema neno. Tafadhali angalia mashine yako kwanza. Kama una PS5 tayari hii kwako iwe namba moja, usinunue mashine mpya kwa ajili ya padi.

Namba tatu, 8BitDo Lite SE, ya 2022, dola 34.99, kama elfu nne na nusu. Ni ndogo, vitufe vyote viko juu, hakuna cha kukunjia kidole kwa nyuma, na ni laini kubonyeza. Ndiyo iliyomfaa yule kijana jirani wa misuli, anaiweka juu ya mto anacheza. Ni ya mashine ya Nintendo Switch na simu za Android, lakini si kila gemu ya simu inakubali padi, jaribu kwanza na padi ya kuazima.

Namba nne ni zile padi za kifahari zenye vitufe vya mgongoni, Xbox Elite Series 2 na DualSense Edge ya PS5, karibu dola 200 kila moja. Zamsaidia mtu ambaye gumba ndilo bovu na vidole vingine viko sawa. Nje ya huyo, hapana. Na vile vibanio vya kufyatulia vinavyouzwa kwenye vibanda vya simu kwa bei ya chai na mahamri, mtu asiye na nguvu mkononi vitamchosha zaidi, viache.

Kwa asiye na mikono wala miguu ya kutumia kuna QuadStick, yaendeshwa kwa mdomo, kwa kuvuta na kupuliza pumzi, ni ghali kuliko zote hapo juu.

Kama shida ni masikio au macho, padi si ya kununua, chagua gemu. Kiziwi aanze na Fortnite, kuna setingi inayoonyesha sauti kwa alama, nyayo, risasi, sanduku, na upande zinakotoka. Apex Legends tangu itoke 2019 ina pingi, waonyesha wenzako adui alipo kwa kitufe bila kuongea wala kusikia. Kwa anayechanganya nyekundu na kijani, Valorant wabadilisha rangi ya adui ikawa ya manjano. Na The Last of Us Part II ya 2020 ina setingi za usaidizi zaidi ya 60, na PS4 yaicheza.

La mwisho ni hili la kwetu pwani. Chumvi ya bahari inakula jeki, chomoa swichi zako ufute ncha kwa kitambaa kikavu kila wiki, zifungie kwenye kopo. Na kabla hujachomoa piga picha nyuma ya padi, waya zote zinafanana, na siku mgeni atakapofagia akazitoa mtakaa usiku mzima mkitafuta goti lilikua tundu gani.