Kia Isiyojua Theluji: Mwongozo wa Kununua Gari la Kikorea Ukiwa Malindi

Bisibisi iliingia mpaka mpinini. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya shimo la gereji huku Maweni, fundi yuko chini ya gari langu na tochi mdomoni, nami nikidhani amedunga tope lililokauka. Kumbe amedunga ile boriti ya mbele inayobeba injini, na chuma kimempisha kama mkate wa sinia. Akaitoa bisibisi, akaitazama, akanitazama mimi.

“Dada, wewe hukuuziwa gari. Umeuziwa rangi.”

Gari lenyewe sitalitaja, wala kampuni iliyolitengeneza, maana kosa halikuwa la kiwanda. Kosa ni la aliyelipaka lami nyeusi chini kote, katika yadi moja ya Mombasa, mpaka kutu yote ikafunikwa ikaonekana kama gari jipya. Na kosa ni langu, niliyefungua milango, nikanusa viti vya ngozi, nikawasha redio, nikatoa pesa. Sikuinama hata mara moja. Siku hiyo nilikuwa nimevaa buibui jipya.

Sasa mwaka wa tatu naendesha Kia Sportage ya petroli iliyotoka Australia, na kila nikiegesha sokoni kuna mtu wa kuniuliza: hii nayo vipi, inadumu? Nimechoka kujibu kupitia dirishani, basi jibu langu ni hili. Inakula mafuta kiasi gani, buti lake linabeba magunia mangapi, viti vinalala ama havilali, hayo kamuulize mwenye yadi. Atakueleza mpaka usingizi ukuchukue. Mimi nitasema habari ya chini ya gari, kwa sababu huko hakuna anayekupeleka.

Kwanza niseme wazi kwamba naipenda Kia na sifichi. Ni kampuni iliyoanza Seoul mwaka 1944 ikitengeneza vipande vya baiskeli, ikafilisika mwaka 1997 wakati uchumi wa Asia ulipoporomoka, na mwaka uliofuata ikachukuliwa na Hyundai. Mwaka 2006 wakamtoa Peter Schreyer huko Volkswagen aje awachoree magari, na ndipo Kia ikapata ile sura yake, ile pua wanayoiita ya chui milia. Toka 2010 Kia mpya zinazouzwa Uingereza zinapewa dhamana ya miaka 7. Dhamana hiyo haivuki bahari kukufuata Malindi, usidanganywe na dalali. Lakini kampuni inayotoa dhamana ya miaka 7 ina hesabu zake kuhusu chuma chake.

Wazee wa baraza watakwambia Kia haina spea na kuiuza tena ni tabu. La pili ni kweli, na ndilo linalonifurahisha. Bei ikishuka haraka aliyenunua jipya analia, sisi wa mtumba tunacheka. Spea za kawaida zinapatikana Mombasa, na zisizokuwepo zinaagizwa. Utangoja. Mwenye Toyota hangoji, hilo namwachia.

Kisha kuna vijana wa simu, wanaokuja na habari za Marekani. Ati injini za Kia zinakufa, ati Kia zinaibiwa na watoto. Habari hizo ni za kweli, ila zina wenyewe. Injini zilizoleta balaa kule ni hasa zile za GDI za lita 2.0 na 2.4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kosa halikuwa katika kupuliza huko. Chembe za chuma zilizobaki ndani wakati wa kutengenezwa ziliziba njia ya oili, beringi zikaungua, na tangu 2015 magari yakaanza kuitwa yarudi. Mwaka 2020 Hyundai na Kia zikakubaliana na serikali ya Marekani juu ya adhabu ya dola milioni 210. Wizi nao uliwahusu waliouziwa magari ya kuwashwa kwa ufunguo wa kuzungusha yasiyo na kifaa cha kuzuia injini isiwake kwa ufunguo wa bandia. Uingereza na Ulaya kifaa hicho ni lazima tangu miaka ya tisini. Kwa hiyo gari la kule usiliogope kwa wizi. Liogope kwa chumvi.

Na hapa ndipo penye kiini. Wakorea wanaendesha upande wa kulia, usukani wao uko kushoto, na Kenya hailisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo Kia iliyotumika Seoul si yako. Japani nako, ambako ndiko zinakotoka karibu zote tunazoziona barabara ya Lamu, Wakorea hawakuuza sana. Hyundai ilifunga duka lake la magari madogo kule mwaka 2009 na haikurudi mpaka 2022. Basi Kia ya mtumba inayoshuka bandari ya Mombasa inatoka kwingine penye usukani wa kulia, na mara nyingi ni Uingereza, Australia au Singapore. Ukiniuliza Kia ipi ni nzuri, nitakuuliza imetoka wapi kabla sijakuuliza ni modeli gani.

Uingereza baridi ikifika, malori hupita usiku yakimwaga chumvi ya mawe barabarani ili barafu isigande. Chumvi nyingi inachimbwa huko huko, kwenye mgodi wa Winsford, Cheshire. Inayeyuka, magurudumu yanairusha juu, inaingia kwenye kila mfuko na kila pembe chini ya gari, inakaa. Bati la bodi siku hizi limepakwa zinki, halioni neno. Lakini bolti, springi, bomba za breki, ekzosi na ile boriti ya mbele haziko salama hivyo. Gari linakaa baridi tano, sita kama hizo, halafu linapakiwa meli linaletwa kwetu, kwenye joto na unyevu, ambapo upepo wa kusi unaleta vumbi la bahari mpaka kwenye vyombo vya jikoni. Nina shangazi Gongoni, karibu na mashamba ya chumvi. Misumari ya bati la nyumba yake inaliwa mpaka bati lianze kupiga makofi. Sasa fikiria gari lililofika likiwa limeshaonja chumvi.

Kukagua si kazi ngumu, ni kazi ya aibu, maana lazima ulale chini watu wakikutazama. Nenda mchana na fundi wako, si fundi wa yadi. Likatae gari ambalo chini yake kumepakwa rangi nyeusi mbichi. Wakikwambia ni ya kulinda, waulize mbona hawakulinda kabla. Dunga pembe za boriti kwa bisibisi. Zitazame bomba za breki zinakopinda nyuma ya tangi, zisiwe na magamba. Toa gurudumu la akiba, inua zulia la miguuni mwa abiria, nusa. Tazama vichwa vya bolti za saspensheni: kama vimekuwa duara kama karanga, siku ya kubadilisha bushi fundi atakata kwa grinda, na bei ya grinda utaijua siku hiyo.

Kuna jambo jingine dogo lisilo na gharama, ambalo nalijua baada ya kuumia. Gari la Uingereza likitimiza miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, wanaita MOT, na majibu yake yanawekwa kwenye tovuti ya serikali yao, bure, kwa yeyote mwenye namba ya usajili ya kule. Dai namba hiyo. Iko kwenye karatasi zilizokuja na gari. Ingia, tafuta neno corrosion, utaona mwaka gani waliandika kwamba boriti imeanza kuliwa. Utaona na safari yake pia, na kwa maili. Kuna muuzaji aliyeniambia gari limetembea 60,000 tu, nami nikafurahi. Dashibodi ilikuwa ya maili. Hizo ni zaidi ya kilomita 96,000, na anajua.

Namba moja kwangu ni Sportage ya petroli ya lita 2.0, kizazi cha nne, iliyotoka Australia, ambako kizazi hicho kilianza kuuzwa 2016. Kule injini hiyo ni ya MPI, inapuliza petroli kwenye njia ya hewa kama zamani, haina makuu. Ya lita 2.4 ni GDI, iache. Hii ya 2.0 inapita matuta ya Barani na vumbi la kwenda Marafa bila kulalamika, na bolti zake fundi wangu anazifungua kwa spana. Spana tu, bila nyundo wala grinda. Ni furaha ambayo siwezi kumweleza asiyewahi kuikosa.

Namba mbili ni hiyo hiyo ya Singapore. Huko hakuna theluji, na serikali yao inafanya kukaa na gari zaidi ya miaka 10 kuwe ghali, kwa hiyo wanayaachia mapema. Nimeiweka ya pili kwa sababu magari ya mji ule yamesimama sana kwenye foleni, na injini inayonguruma pahali pamoja haionekani kwenye kilomita.

Ya tatu ni Kia Picanto, gari dogo, ya lita 1.25, kizazi cha 2017. Mama wa kupeleka watoto shule na kurudi Shela hahitaji zaidi. Ya nne ni Hyundai Tucson, ambayo mifupa yake ni ya Sportage. Wenye nayo wanaipenda. Mimi sura yake hainiingii, basi.

Hyundai i10 na ndugu zake wadogo: zinatembea.

Ya mwisho, na ndiyo inayojaa yadi, ni Sportage ya dizeli kutoka Uingereza. Inavutia, ina nguvu, na bei yake inaanza chini. Mbali na chumvi, ina chujio la moshi linalotaka safari ndefu ya mwendo wa kasi ili masizi yaungue. Safari zetu ni kutoka nyumbani hadi soko, soko hadi madrasa. Chujio linaziba, taa inawaka, fundi anakwambia alitoboe. Ukilipenda hilo, kwanza hesabu mara ngapi kwa mwezi unakwenda Mombasa.

Bei sasa, na hapa damu yangu inapanda. Gari lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 1 na injini ya petroli ya lita 2.0, yaani inayozidi cc 1500, ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, yaani 350,000. Juu ya jumla hiyo unawekewa ushuru wa bidhaa asilimia 25, ni 337,500. Juu ya yote hayo VAT ya asilimia 16, ni 270,000. Ongeza ada ya tamko asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2. Imefika 1,002,500. Umenunua gari moja ukalipia mawili. Isiyozidi cc 1500 ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 na jumla inashuka mpaka 924,200, ndiyo maana Picanto ina watu wake. Na gari lenyewe lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo bei haingoji mtu ajipange.

Haya ni ya serikali, yana karatasi. Yasiyo na karatasi ni ya dalali. Yadi moja nilipouliza bei nikatajiwa, na kaka yangu alipopiga simu baada ya saa moja akatajiwa nyingine, pungufu ya laki moja na nusu, gari lile lile. Nyingine niliambiwa, “Mama, mlete mzee tuongee.” Mzee gani? Pesa zilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilipolala chini kutazama boriti walicheka, na nilipouliza namba ya Uingereza mmoja akasema ataitafuta jioni. Jioni ya siku gani hakusema. Binamu zangu wa Lamu wananiambia niache, ninunue punda, hana MOT.

Ukishalipata, litunze chini kuliko juu. Kila wiki wakati wa kusi, lirushiwe maji kwa nguvu ndani ya magurudumu na chini ya milango. Ila wengi wanaoosha magari hapa mjini wanavuta maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Unalipa kuosha, wanakuongezea. Dai maji ya mfereji, yale ya Baricho. Kama huna hakika, chota kidogo kwenye kiganja uonje kabla hawajawasha mashine. Mimi huonja, na wale vijana wameshanizoea.