Uzoefu wangu na protekta ya volti kwenye jenereta, miezi minane sasa

Niseme ukweli, hii protekta, kifaa cha kukata umeme volti zikizidi au zikipungua, nilinunua baada ya kuunguza vitu, si kabla. Jenereta yangu ni ya petroli, kilowati 5, ina AVR (kifaa kinachorekebisha volti zisipande wala kushuka) na kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota, ile sehemu inayozunguka), haikuwahi kunisumbua hata siku moja. Usiku mmoja tumekaa zetu nikaona taa zimebadilika, ule unjano wote umepotea zimekuwa nyeupe kali, friji inaunguruma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kabla sijainuka kwenye kiti tivi ikafanya pa! na harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Nikakimbia kuzima. Breka wala haikushtuka, iko juu vile vile. Na ile ekstensheni iliyoandikwa ina kinga ndo ilikuwa inatoa moshi kuliko vyote.

Fundi alipofungua akakuta kiwaya chembamba kinachoipa AVR habari ya volti kimekatika kwenye kiungo, mtikisiko wa mashine umekitafuna polepole. Sasa AVR isipoona volti inadhani umeme ni mdogo, inasukuma nguvu yote kwenye rota, ndo volti zinapaa. Breka kazi yake ni ampea, volti zipande mpaka wapi hazimhusu. Na ile kinga ya kwenye ekstensheni imetengenezewa mruko wa kufumba na kufumbua, ukiipelekea volti 300 dakika nzima inachemka yenyewe.

Basi nikachukua hii ya kidijitali, ya kubana kwenye reli ndani ya boksi la umeme, inaonyesha volti na ampea, unaweka mwenyewe ikate zikifika ngapi juu na ngapi chini na isubiri muda gani kabla ya kurudisha. Yangu juu 255, chini 185, kurudisha sekunde 90 kwa ajili ya kompresa ya friji, haipendi kuzimwa na kuwashwa papo hapo. Ila kabla hujaiamini ipime na multimita, yangu ilikuwa inasoma volti 4 zaidi, sehemu ya kurekebisha ipo lakini imefichwa ndani ya menyu, nilihangaika nusu saa nzima na kile kikaratasi chenye maandishi kama sisimizi.

Wiki ya kwanza ilinikera sana. Pampu ya maji ikizimika tu, tak, nyumba nzima giza, na ukae gizani sekunde zako 90. Kumbe lodi kubwa, yaani kitu kinachovuta umeme mwingi, ikitoka ghafla volti zinaruka kidogo kabla gavana ya injini (inayodhibiti mwendo wake) na AVR hazijajipanga. Nikasogeza muda wa kukata kutoka sekunde 0.1 mpaka 0.5 ikatulia. Nisingeenda zaidi ya hapo, vitu vya elektroniki havina subira.

Mwezi wa tano tangu niifunge ndo ikanilipa. Kwa bahati nilikuwa nimesimama mbele ya boksi, naona namba kwa macho yangu, 231, 238, 249, 258, tak! Nikafurahi kama mtoto, halafu nikaangalia tena. Namba hazishuki! 274, 291, yaani lodi imetoka na AVR safari hii ilikuwa imekufa kwa shoti ya ndani, hakuna kinachoizuia. Tivi na friji ziko salama, jenereta yenyewe inaendelea kujichoma, nikaruka kwenda kuizima kwa mkono. Hili hakuna muuzaji aliyeniambia, kwamba protekta inalinda vitu vya ndani, mashine haiilindi.

Nikamwambia fundi tuiunganishe na ule waya wa kuzimia injini, ule ukigusa bodi cheche ya pulagi inakufa. Jaribio la kwanza tulicheka, injini ikataa kabisa kuwaka, kwa sababu wakati unavuta kamba protekta bado imekata, yenyewe haijui kama volti zimezidi au hakuna kabisa, inazima tu. Ikabidi tuweke rilei ya pili (swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme) inayoangalia volti za juu peke yake, tukaiweka 265, na nyingine ndogo ya betri inayoshikilia mpaka niende kubonyeza kitufe, maana bila kushikilia injini ikipunguza mwendo volti zinashuka, rilei inaachia, cheche inarudi, unakuwa na jenereta inayokohoa. Tulijaribu kwa kushusha namba mpaka 225 kwa muda, ikazima vizuri.

Kwenye lebo imeandikwa ampea 63, mimi sikuiamini. Ikifika 20 na kitu tayari ina joto la kusikika mkononi, na mota zikiwaka zinavuta mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, kwa hiyo nimeifanya iendeshe kontakta (swichi kubwa inayowashwa kwa umeme mdogo), lodi yenyewe inapita huko. Skrubu zake nazo ni laini, moja nimeshaiharibu kichwa. Boksi nimelifunga ukutani, si kwenye fremu ya jenereta kama fundi alivyotaka, nimeshaona kilichotokea kwa kile kiwaya cha kwanza, na bado kila mwezi nazima napita na bisibisi, mara nyingi nakuta kuna skrubu inakubali robo mzunguko.