Albamu za bluzi ya kisasa: anza na ipi kabla hela haijaisha

Ukitafuta bluzi (blues) dukani au mtandaoni, kitu cha kwanza kukurukia machoni ni zile CD za "nyimbo bora" zenye mlolongo wa nyimbo na bei ya kutupa. Achana nazo. Mimi niliuziwa moja, nafika home naweka, sauti ya mwimbaji imechoka na gitaa silo kabisa, kuja kusoma kule nyuma, herufi saizi ya sisimizi, kumbe nyimbo zimerekodiwa upya miaka mingi baadaye. Nunua albamu kamili, moja moja.

Namba moja ni Strong Persuader ya Robert Cray, 1986, na najua wapenzi wa magitaa wataguna ila wacha wagune. Hapa ndo unasikia bluzi inabadilika huku unasikiliza, yaani ile ya kale bado ipo lakini imevaa suti, kuna muziki wa soul wa mji wa Memphis ndani, tarumbeta na saksafoni za kundi la Memphis Horns zinapita kwa nyuma, na gitaa halipayuki, linasubiri zamu yake. Halafu hadithi sasa! Kuna wimbo jamaa yuko chumbani anasikia mtu na mke wake wanagombana upande wa pili wa ukuta, mwanamke anataka kuondoka, na jamaa anajua kabisa chanzo ni yeye. Umbea wa nyumba za kupanga tupu. Tuzo ya Grammy ya bluzi ya kisasa ilipotolewa mara ya kwanza, 1988, ni hii ndo iliibeba. Na kwa vile iliuza zaidi ya kopi milioni 1, santuri zake za mtumba zipo kibao, mtu asikulangue eti ni adimu.

Ya pili This Land ya Gary Clark Jr., kijana wa Austin, Texas, ya 2019. Wimbo uliobeba jina umetokana na jirani aliyekuja kumhoji kama kweli ile ranchi ni yake, mtu mweusi na ekari 50, haiwezekani! Hasira yake unaisikia hadi kwenye nyuzi. Humo kuna rege, kuna hip hop, kuna roki, mashabiki wa bluzi ya zamani wanalalamika haijatulia na kidogo wana haki, katikati inarefuka, lakini ukitaka kujua huu muziki umefika wapi ni hapo.

Tatu, Damn Right, I've Got the Blues ya Buddy Guy, 1991. Mzee alikaa miaka kibao bila mkataba wa maana kwao Marekani, wakati magwiji wa gitaa la roki akina Eric Clapton wanamsifia kila kona, basi hapa Clapton, Jeff Beck na Mark Knopfler wakaja kupiga naye. Kwangu ina makelele kidogo, ila kama umetokea kwenye roki ianze hii.

Nne, Kingfish ya Christone Ingram, 2019, dogo wa Clarksdale, Mississippi, alikuwa na miaka 20 tu. Buddy Guy mwenyewe yumo.

Na yule mpiga gitaa wa Texas, Stevie Ray Vaughan, je? Texas Flood ya 1983 ni moto, sikatai, ila ukianza nayo utadhani bluzi ni mashindano ya vidole, hiyo nunua ya tano.

Nje ya orodha, kwa sisi wa huku: mwanabluzi wa Marekani anayeitwa Taj Mahal alirekodi na Culture Musical Club, kikundi cha taarab cha Zanzibar, albamu inaitwa Mkutano, 2005. Sio ya kisasa kwa maana ya hizo juu na hutaielewa siku ya kwanza, ila kusikia fidla na qanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, zikijibizana na gitaa la bluzi, aisee. Ukiiona mahali usiulize bei mara mbili, mimi kopi yangu niliazimisha mtu na hadi leo hapokei simu.