Thali ya Kigujarati Kisutu: Acha Kuhesabu Vibakuli, Onja Dali

Haya, karibuni. Mezani leo kuna sinia la stili, vibakuli sita, mikate miwili iliyopakwa samli na gilasi ndefu ya chaas, yaani mtindi wa kunywa uliochanganywa na maji. Hii ni thali ya Kigujarati, chakula cha mchana cha migahawa midogo ya Kisutu hapa Dar es Salaam, jirani na mahekalu ya Wahindu. Ile migahawa ambayo sinki la kunawia lipo ukutani na mhudumu anapita na ndoo ya mchuzi kabla hujamaliza kukaa. Jina la mgahawa hatulitaji, kwa sababu tunachotaka ujue ni namna ya kuipima thali yoyote, iwe ya hapa, ya Mombasa au ya Ngara kule Nairobi.

Watu wakiona sinia limejaa huanza kuhesabu. Huyu anatoa vibakuli nane, yule anatoa kumi, basi wa kumi ndiye bora. Si kweli. Kujaza vibakuli ni kazi nyepesi: viazi vya rojo huku, kunde kule, kachumbari, achari ya kopo, umeshafika vinne. Kinachomtenga mpishi na mjazaji ni vitu viwili vya bei ndogo kabisa, dali na rotli, ile mikate miembamba. Tutakaa hapo zaidi, vingine tutavipitia.

Tazama hiki kibakuli cha manjano, chepesi kama supu. Hiyo ndiyo dali. Imetokana na mbaazi, hizi hizi tunazozila na nazi na mahamri asubuhi, ila zimekobolewa ganda na kupasuliwa. Wakulima wa Babati, Lindi na Mtwara wanalijua soko hili vizuri: mnunuzi wao mkubwa ni India, na Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, bei ya mbaazi huku ilianguka vibaya.

Dali ya Kigujarati haitakiwi kuwa nzito. Nikiinamisha kijiko, inamiminika, haidondoki kwa mabonge. Ukiionja, kwanza unapata uchachu, halafu utamu, kisha pilipili inakuja taratibu nyuma ya ulimi. Uchachu ni wa ukwaju au ndimu, utamu ni wa sukari guru. Anayeweka sukari nyeupe utamjua: utamu unapiga mbele peke yake, hauna ile harufu ya miwa iliyoungua kidogo. Humu ndani mna pia karanga nzima zilizochemka mpaka zimelainika, na kijiti cha mdalasini ambacho huli, unakiweka pembeni.

Ukitaka kuijaribu nyumbani, kwa watu wanne: kikombe kimoja cha mbaazi za kupasua, zichemshe na manjano mpaka ziive kabisa, kisha zipekeche ziwe laini. Ongeza maji vikombe vitatu au vinne, guru vijiko vikubwa viwili, tangawizi, pilipili mbichi, karanga kiganja kimoja, chumvi. Ukwaju unaingia sasa, mbaazi zikiwa zimeshaiva. Ukiutia mapema, uchachu unazifanya mbaazi zigome kulainika, utachemsha gesi iishe. Halafu kwenye kikaango kidogo pasha samli vijiko viwili, tia haradali kijiko kidogo na usubiri ipasuke yote. Haradali isiyopasuka ni chungu. Ikitulia ndipo ufuatishe bizari nyembamba, punje nane tu za uwatu, pilipili kavu, karafuu tatu, mdalasini, majani ya mchuzi, na mwisho kabisa mvuje, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Uwatu ukigeuka mweusi, mwaga uanze upya, haurekebishiki. Mimina yote kwenye dali, acha ichemke dakika kumi.

Tatizo la migahawani linaanza hapo. Dali inapikwa asubuhi, inakaa motoni, inazidi kuwa nzito, na kila saa mtu anaongeza maji ya bomba bila kuongeza kingine chochote. Angalia kibakuli chako kikitulia: ukiona tabaka la maji juu na unga umezama chini, hiyo imeongezwa maji na haikuchemshwa tena. Hii ya leo imeshikana vizuri, ila guru imezidi kidogo. Kwa mtu wa Surat, mji wa Gujarat huko India, huenda ni sawasawa, kwa ulimi wa huku kamulia ndimu.

Sasa mkate. Ninyi mnaotegemea chapati, sahauni kidogo chapati. Chapati yetu inakunjwa na mafuta ili ipate matabaka, halafu inakaangwa kwa mafuta. Rotli haina tabaka wala haikaangwi. Ni unga wa ngano nzima uliosagwa laini, umekandwa na maji na mafuta kidogo mpaka donge liwe na ulaini wa ndewe ya sikio, ukapumzishwa nusu saa. Inasukumwa nyembamba, upana wa kama sentimita 16, inawekwa kwenye tawa kavu lenye moto. Upande wa kwanza sekunde chache tu, vikitokea vipele vidogo inageuzwa, kisha inapelekwa moja kwa moja juu ya mwali. Hapo inafura kama puto. Mvuke ndio unaoivimbisha, na ndio unaoiivisha kwa ndani. Ikitoka inapakwa samli upande mmoja.

Nikiichana hii, mnaona? Ngozi mbili zinaachana. Hiyo ilifura. Isiyofura ina ngozi moja nzito, ukiikunja inavunjika, na katikati ina ladha ya unga mbichi. Sababu huwa chache: donge gumu, au donge halikupumzika, au mkono ulisukuma upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, mvuke ukapata pa kutokea. Tawa likiwa na moto mdogo nalo linaukausha mkate kabla haujapata mvuke, unatoka kama kadibodi.

Namna rahisi ya kujua jikoni pakoje ni kuangalia zinavyokuja. Rotli nzuri zinaletwa moja moja au mbili mbili, mhudumu anarudi tena na tena. Ukiletewa nne kwa mpigo kwenye chombo cha kutunza joto, ujue zilipikwa mapema. Zimetoa jasho humo ndani, ya chini imelowa. Usizikatae kwa ugomvi, mwambie tu unataka za moto, utasubiri dakika tatu. Na fika mapema, saa sita na nusu mpaka saa saba mchana. Kuanzia saa nane anayesukuma mkate ameshachoka na tawa linaanza kupoa.

Ukishiba, weka kiganja juu ya sinia na useme "basi". Wagujarati nao husema "bas", neno ni lile lile, limetua pande zote mbili za bahari. Usipofunika sinia, wataendelea kukujazia, na kukataa kwa kichwa pekee hakutoshi. Ila kabla ya yote uliza kama bei ni ya kuongezewa bila kikomo au ni sahani moja. Migahawa mingine inaongeza kila kitu isipokuwa kitamu na farsan, yaani kitafunwa cha chumvi, na mgeni anakuja kushtuka wakati wa kulipa.

Kibakuli cheupe hiki ni kadhi. Hapana, si Kadhi wa kuozesha na kutoa talaka. Ni mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Kadhi ya Kigujarati ni nyepesi, nyeupe, na ina utamu kidogo. Ile ya manjano, nzito, yenye bajia ndani ni ya Kipunjabi, usiwalaumu hawa kwa kutokuwa nayo. Kikombe kimoja cha mtindi uliochacha, unga wa dengu vijiko vikubwa viwili, maji vikombe viwili na nusu. Unavuruga vyote vikiwa baridi, ndipo unaweka motoni na kukoroga bila kuacha mpaka ichemke. Unga ndio unaouzuia mtindi usikatike, kwa hiyo anayepasha mtindi kwanza na kuongeza unga baadaye anapata mabonge na maji. Onja hivi: ukisikia ladha ya unga mbichi kooni, haikuchemka vya kutosha, inahitaji si chini ya dakika kumi za moto mdogo. Hii imepita, tena kwa alama za juu. Kwangu ndicho kibakuli bora cha leo.

Farsan ya leo ni khaman, hivi vipande vya manjano vyenye matundu kama sponji. Ni unga wa dengu uliofurishwa kwa magadi na ndimu, ukapikwa kwa mvuke kama robo saa. Mnaona hili doa jekundu pembeni? Si pilipili. Magadi hayakuvurugwa vizuri, yakakutana na manjano, na manjano yakikutana na magadi hugeuka mekundu. Halidhuru, ila ukiling'ata unasikia ladha ya sabuni. Khaman ikiwa nzito na imeshikana, basi uji ulikaa baada ya kutiwa magadi, gesi ikaondoka kabla haujaingia kwenye mvuke.

Mboga, yaani shaak, leo ni bamia na viazi. Bamia ni kavu, haina mlenda, maana yake ilikaushwa kabla ya kukatwa na haikufunikwa ikiwa jikoni. Viazi ni vya kawaida. Kuna choroko nzima pia, hazina la kusimulia. Ukija Januari, uliza undhiyu: mchanganyiko wa viazi vikuu vya zambarau, ndizi, bilingani ndogo, maharage mabichi na vidonge vya majani ya uwatu. Jina linatokana na neno la kupindua, kwa sababu kiasili chungu hufukiwa kikiwa kimepinduliwa, moto ukiwa juu. Ni chakula cha majira ya baridi cha Surat, huliwa hasa sikukuu ya Uttarayan, tarehe 14 Januari. Hapa Dar mwezi huo jasho linatiririka, lakini sikukuu haijali hali ya hewa.

Jioni menyu hubadilika, na hapo ndipo chakula cha nyumbani kabisa kinatokea: khichdi. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu, ni ndugu wa mseto. Mchele na choroko za kupasua, nusu kwa nusu au mchele mara mbili, maji mara nne au tano, manjano, chumvi, mpaka vilainike na kushikana. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika India baadaye aliandika kwamba huko watu hula asubuhi mchele uliopikwa na choroko pamoja na samli, nao wanauita kishri. Kosa la migahawani ni kuipika kama wali, punje zimeachana. Khichdi haihesabiwi punje. Ikifika mezani, toboa shimo katikati, tia samli, mwagia kadhi pembeni, kula na papadi na achari.

Mpangilio wa kula: mkono wa kulia, anza na farsan, kisha mboga na rotli, na wali uombe baadaye umwagie dali. Ukimimina dali juu ya wali mwanzoni, unashiba kabla hujazifikia rotli. Chaas ni ya mwisho. Ni mtindi sehemu moja kwa maji sehemu mbili au tatu, chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa. Ikiwa nzito kama mtindi wa pakiti, umeletewa lassi, ule mtindi mzito wa kunywa, iliyokosa sukari.

Wenye masharti ya chakula, sikilizeni hapa. Migahawa ya aina hii haipiki nyama wala mayai, lakini samli, mtindi na maziwa vipo karibu kila mahali, hata juu ya mkate. Karanga zipo kwenye dali na mara nyingi kwenye mboga, kwa hiyo mwenye mzio aseme kabla ya kukaa. Mvuje wa kopo kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele, asiyekula ngano aulize hata kama anakula wali tu. Na ukiona vitunguu havipo, usidhani wamesahau: Wajaini, waumini wa dini moja ya kale ya India, wanaofuata dini yao kwa ukamilifu hawali vitunguu, vitunguu saumu, viazi wala karoti, na jikoni nyingi hupika sufuria lao pembeni ukiomba.

Kuhusu kufungasha, dali inasafiri vizuri, tena jioni inakuwa tamu zaidi. Khaman inakaa mpaka kesho asubuhi ukiinyunyizia maji kidogo. Rotli usifungashe, lipa ule hapo hapo. Khichdi itakuwa imeganda kama ugali, iongezee maji ya moto nusu kikombe ndipo uipashe. Kadhi ipashe kwa moto mdogo huku unakoroga, na ikianza tu kutoa mvuke, zima.