Stendi za fimbo za kuvulia ukingoni: ipi inashika kweli na ipi urembo tu

Wakuu, sisi tunaovua tumekaa ukingoni tunabishana weee kuhusu fimbo na rili, alafu ikija stendi ya kushikilia hivyo vyote mtu anabeba ya kwanza anayoiona, inang'aa, ina miguu minne, ina mfuko wake wa zipu, basi kamaliza. Nimeshatumia aina zote kuu, kwenye tope, mchanga, changarawe mpaka kwenye zege, na msimamo wangu ni huu: miguu mingi sio uimara. Stendi inashika kwa jinsi inavyokamatana na ardhi uliyopo na jinsi inavyokamata kitako cha fimbo, hayo mawili tu.

Nianze na ile ninayoipenda kuliko zote, vile vijiti vya chuma vya kuchomeka, kimoja mbele kimoja nyuma, kila fimbo na vyake. Ni vya bei ndogo kuliko stendi kubwa na ndo vinavyoshika kuliko zote pale ardhi inapokubali kuchomwa, kwa sababu kila fimbo inajitegemea, samaki akivuta hii, ile nyingine haina habari. Chukua vya stenlesi kama unaweza, alumini ni nyepesi kubeba ila ukiisukuma kwenye ardhi ngumu inapinda, na ikishapinda lile bomba la ndani la kurefushia kijiti halitoki tena. Angalia ncha pia. Ncha ya kawaida isiyo na skrubu inatosha kwenye udongo mzito, ila kwenye udongo uliolegea tafuta ile yenye skrubu unayoizungusha inajizamia yenyewe, hiyo hata mvua ikilowesha ukingo haianzi kulala. Na tafadhali usigonge nyundo juu pale kwenye sredi, yaani ile mizunguko kama ya skrubu, ukiziponda hakuna kichwa (kile kipande cha juu kinachokalia fimbo) kitakachofunga tena. Sredi za hivi vijiti karibu zote ni za inchi 3/8 BSF (kipimo cha sredi cha Kiingereza), kwa hiyo kichwa cha kampuni moja kinaingia kwenye kijiti cha kampuni nyingine na alamu, kile kifaa kinacholia samaki akivuta mshipi, pia inaingia humo humo, huna haja ya kununua seti nzima.

Sasa kuna kitu wengi hawakitofautishi. Fimbo inaondoka kwa njia mbili. Kama mshipi uko upande, samaki akivuta anaiangusha stendi yenyewe. Kama fimbo inaelekea moja kwa moja kwenye chambo, stendi haianguki kabisa, inabaki imesimama vizuri tu na fimbo inateleza katikati yake inaingia majini, na hapo hata stendi ya chuma kizito haikusaidii kitu kama kichwa cha nyuma hakijakamata kitako. Ndo maana mimi nikikagua stendi naanzia nyuma. Kile kikombe cha nyuma kiwe cha mpira laini unaobana, ukiweka fimbo usikie imekaa, ukiivuta mbele taratibu igome, ila ukiinyanyua juu itoke bila kupigana nayo. Vile vikombe vya plastiki ngumu vyenye umbo la U ni vya kupumzishia fimbo, kukamata havikamati.

Kichwa cha mbele nacho kiwe na mfereji chini. Ukitumia rili ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo, mshipi unapita chini, na kama kichwa ni V iliyofunga mpaka mwisho fimbo inaukalia mshipi unabanwa pale, samaki akikimbia hautoki vizuri na alamu inabaki kimya. Hili ndo tatizo la lile tawi lenye panda wengi tunalokata porini, linashika fimbo vizuri ila linabana mshipi.

Haya, stendi kubwa ya miguu mitatu au minne inayobeba fimbo kadhaa. Ina kazi yake, kwenye zege, mawe au jukwaa la mbao huna pa kuchomeka kitu, hapo haina mpinzani. Ila inunue kwa ajili ya hapo, sio kwa sababu inapendeza kwenye picha. Ubaya wake ni kwamba fimbo zote zinategemea fremu moja, samaki mmoja mkubwa akiipindua unapoteza zote kwa mpigo, na hata ukinyanyua moja kwa haraka zile zingine zinatikisika alamu zinalia. Ukiwa nayo ishushe chini kadri inavyowezekana, tanua miguu mpaka mwisho, mguu mmoja uelekee majini kule mvuto unakotokea, alafu ning'iniza begi la mawe katikati. Dukani shika zile kokwa za kukazia miguu, kama ni plastiki tupu bila nati ya chuma ndani iache hapo hapo, utakaza utakaza siku moja itazunguka bure na mguu unarudi ndani wenyewe.

Ufukweni kwenye mawimbi mambo yanageuka. Pale unataka ncha ya fimbo iwe juu ili mshipi upite juu ya wimbi linalovunjika, kwa hiyo bomba refu la kuchomeka mchangani linashinda vyote. La PVC linafaa kabisa, chini umekata mshazari kama nusu pembe mraba, theluthi nzima inazama mchangani, na ndani umepitisha bolti moja kwa upande ili kitako kikalie hapo kisigusane na mchanga. Samaki akivuta fimbo inajibana yenyewe ukutani mwa bomba, haitoki. Kwenye changarawe PVC inameguka ncha, hapo tumia chuma cha pembe, kile chenye umbo la L. Baada ya maji chumvi suuza kwa maji baridi, hasa zile sehemu za kuzungusha kukaza, mchanga na chumvi vikikaa humo zinagoma kufunguka.

Na kabla hujakaa fanya hivi na stendi yoyote ile. Shika mshipi mbele ya ncha ya fimbo, vuta taratibu kuelekea majini, alafu vuta kwa upande. Rili itoe mshipi kabla stendi haijasogea. Kama stendi ndo inaanza kusogea, legeza breki ya rili au zamisha zaidi, na kama ni rili yenye kile kiswichi cha kuachia mshipi ukimbie huru kiwashe kabla ya kuiacha fimbo, sio baadaye.