Karatasi ya lishe au mafunzo ya familia nzima?

Nchini Marekani, takwimu za 2017 hadi 2020 zilionyesha kuwa takriban asilimia 26 ya watoto wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wana unene wa kupindukia. Wazazi wao hukutana na njia mbili za kuwasaidia.

Ya kwanza ni karatasi ya lishe kutoka kliniki. Ni nafuu, lakini mara nyingi imejaa vyakula visivyopikwa nyumbani kwao. Mtoto anatengewa sahani yake huku ndugu zake wakila wali na maharage. Kwangu hiyo ni adhabu.

Ya pili ni mafunzo ya familia nzima kwa Kihispania, pengine yakiongozwa na promotora, mhudumu wa afya wa mtaa huohuo. Hapa bibi naye anaalikwa, maana aghalabu ndiye mwenye jiko, na huenda machoni pake mtoto mnene ndiye aliyetunzwa. Hakuna anayemwambia aache tortilla, chapati nyembamba ya mahindi au ngano. Anaonyeshwa kuwa ya mahindi huwa na mafuta machache kuliko ya ngano, kwamba maharage ya kuchemsha yanatosha bila mafuta ya nguruwe, majani ya mpungate (aina ya kaktasi) yaongezwe sahanini, na soda na horchata (kinywaji cha mchele) zenye sukari zipishe maji. Mazoezi? Waanze na cumbia, ngoma ya Kilatino, sebuleni.

Kasoro yake ni muda. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2023 unataka angalau saa 26 za ana kwa ana ndani ya miezi 3 hadi 12. Mzazi anayefanya kazi mbili atazipata wapi? Hata hivyo ningeichagua hii, mradi mafunzo yawe jioni na karibu na nyumbani.