Debug Probe ya Raspberry Pi na nyaraka zake: kifaa hakina shida, shida iko kwenye matoleo

Soketi ya micro-USB ya Pico, bodi ndogo ya kidhibiti ya Raspberry Pi, haikuundwa ili ichomolewe na kuchomekwa mara hamsini kwa siku, lakini ndivyo inavyotumiwa na kila anayepakia programu kwa kushikilia kitufe cha BOOTSEL na kuburuta faili la programu la UF2. Debug Probe, kifaa cha kupakia programu na kuidibagi (kutafuta makosa yake), iliyotoka Februari 2023 kwa bei ya dola 12 za Marekani, inaondoa adha hiyo. Zaidi ya hapo inakuwezesha kuisimamisha programu katikati ya kazi na kuona kilichomo ndani, badala ya kupanda `printf` kila mstari kama mahindi.

Ndani ya boksi kuna kifaa chenyewe kwenye ganda la plastiki, kebo ya USB, na kebo tatu fupi za waya tatu. Moja ina plagi ndogo ya JST pande zote mbili, nyingine inaishia kwenye matundu ya kuvalisha pini, na ya tatu inaishia kwenye pini za kuchomeka kwenye bredibodi. Kifaa kina milango miwili: D ni ya kudibagi kwa njia ya SWD, waya za kuidhibiti chipu, na U ni ya UART, njia ya kupitishia maandishi kati ya bodi na kompyuta. Plagi za milango hiyo zinafanana kabisa, kwa hiyo soma herufi kabla ya kuchomeka.

Ukiwa na Pico H, iliyokwisha kuwekewa plagi, kebo ya JST inaingia moja kwa moja. Pico ya kawaida ina matundu matatu tu ukingoni, yakipangwa SWCLK, GND, SWDIO. Lehemu pini hapo kwanza. Waya wa chungwa unakwenda SWCLK, mweusi GND, wa njano SWDIO. Kwa kuwa GND iko katikati, ukiigeuza plagi huunguzi kitu; muunganisho tu ndio unaokataa. Kwenye Pico W matundu hayo hayako ukingoni, kwa sababu antena imechukua nafasi hiyo. Yamehamishiwa katikati ya bodi, na hapo bredibodi ya kawaida inakuwa kero. Kwa Pico W, heri ununue WH, ambayo imeshawekewa plagi.

Upande wa UART, chungwa iende GP1 (pini ya 2), njano GP0 (pini ya 1), nyeusi GND (pini ya 3). Ndiyo, zinapishana: kinachotoka kwenye kifaa kinaingia kwenye mlango wa kupokea wa Pico. Kasi ni 115200. Volteji ya mawimbi ni 3.3, basi usijaribu kuiunganisha na bodi ya volti 5.

Jambo linalowaangusha wengi siku ya kwanza: Debug Probe haitoi umeme kwa Pico. Waya zake tatu hazina hata mmoja wa chakula. Pico lazima iwe na umeme wake, kwa kebo yake ya USB au kupitia pini ya VSYS. Ukisahau, OpenOCD (programu ya kompyuta inayozungumza na Debug Probe) itakuambia `Failed to connect multidrop rp2040.dap0`, na utaanza kulaumu programu ilhali bodi imezimika. Ujumbe huohuo hutokea waya za SWCLK na SWDIO zikibadilishana, au waya zikiwa ndefu na legevu. Kwa hali hiyo ya mwisho, punguza `adapter speed` kutoka 5000 hadi 1000 kabla ya kutupa chochote.

Upakiaji ni amri moja:

`openocd -f interface/cmsis-dap.cfg -f target/rp2040.cfg -c "adapter speed 5000" -c "program blink.elf verify reset exit"`

Tumia faili la ELF (lenye taarifa za kudibagi), si UF2. Kwa kudibagi, ondoa sehemu ya `program`, iache OpenOCD ikiendelea, kisha kwenye terminali nyingine fungua GDB, programu ya kudibagi, kwa `gdb-multiarch blink.elf` na uandike `target remote localhost:3333`, `load`, `monitor reset init`, halafu `continue`. Ikilalamika kwamba mlango unatumika, kuna OpenOCD nyingine uliyoiacha ikiendelea, mara nyingi ile iliyoanzishwa na kihariri cha VS Code.

Hapa ndipo matoleo yanapouma. OpenOCD ilianza kuitambua RP2040, chipu ya Pico, rasmi kwenye toleo la 0.12.0, la Januari 2023. Ubuntu 22.04 bado inakupa 0.11, na hata faili la `rp2040.cfg` halimo. Debian 12 ina 0.12.0, inafanya kazi. Lakini ukinunua Pico 2 yenye RP2350, iliyotoka Agosti 2024, hiyo 0.12.0 nayo haiijui. Utahitaji OpenOCD ya tawi la Raspberry Pi wenyewe na faili la `target/rp2350.cfg`. Nyongeza yao rasmi ya VS Code inakuletea vifaa vinavyopatana, na kwa mwanafunzi ndiyo njia salama. Ukiijenga OpenOCD mwenyewe kwenye Linux, kumbuka kunakili `60-openocd.rules` kwenda `/etc/udev/rules.d/`. La sivyo kifaa hakitaonekana mpaka utumie `sudo`, na `sudo` si dawa, ni kuuficha ugonjwa.

Mambo matatu ya ndani ya chipu yanafaa kujulikana kabla hujaamini kwamba Debug Probe ni mbovu. Kwanza, jenga kwa `CMAKE_BUILD_TYPE=Debug`; usipofanya hivyo, GDB itakujibu `optimized out` kwa nusu ya vigezo unavyoviuliza. Pili, programu huendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu ya flashi, kwa hiyo vituo vya kusimamishia programu hutegemea vifaa vilivyomo ndani ya chipu, na RP2040 ina vinne tu kwa kila kiini (core). Ukiweka cha tano, GDB itakataa. Futa kimoja uendelee. Tatu, kipima muda cha RP2040 husimama kiini kinaposimamishwa na kidibaga. Hiyo kwa kawaida ni heri, lakini kiini kimoja kikibaki kimesimama ilhali kingine kinaendelea, `sleep_ms` haitamalizika kamwe na utadhani programu imeganda. Mstari `timer_hw->dbgpause = 0;` mwanzoni mwa `main` unamaliza tatizo.

Sasa nyaraka. Datashiti ya RP2040 ina zaidi ya kurasa 600, na kwa maoni yetu ni miongoni mwa datashiti zinazosomeka vizuri kuliko zote za daraja hili. Inaeleza kwa nini kitu kiko hivyo, ina mifano ya C, na kasoro za chipu zimewekwa humohumo mwishoni badala ya kufichwa kwenye faili jingine. Kampuni ya chipu ya ST, kwa mfano, hukugawia datashiti, kitabu cha rejea, karatasi ya kasoro na mwongozo wa bodi, na lazima ujue swali lako liko katika kipi.

Udhaifu ni kwamba PDF hubadilika huku kiungo na jina vikibaki vilevile. Mfano mzuri ni kasoro ya E9 ya RP2350. Mwanzoni ilielezwa kana kwamba inahusu tu kivutaji cha chini (pull-down) cha ndani ya pini. Baadaye maelezo yakapanuliwa: pini ikiwa ya kuingiza, inavujisha mkondo na inaweza kubaki imening'inia karibu na volti 2.2. Tiba ni kuweka kipingamizi cha nje cha kilo-ohm 8.2 au pungufu, au kutumia chipu za toleo la A4, zilizotangazwa Julai 2025, ambazo zimerekebishwa. Aliyehifadhi PDF ya Agosti 2024 alichora saketi kwa maelezo pungufu. Kwa hiyo angalia tarehe ya ujenzi iliyo kwenye kurasa za mwanzo, na iandike kwenye jina la faili unapolihifadhi. Nyaraka za Espressif, watengenezaji wa chipu za ESP32, zimelishughulikia hili vizuri zaidi: kila toleo la ESP-IDF, zana zao za programu, lina kurasa zake, unachagua.

Mwongozo wa kuanzia nao umehamia kwenye VS Code, hivyo mafunzo mengi ya zamani yanayotaja Picoprobe, fimwea ya kuigeuza Pico kuwa kidibaga, hayalingani tena nao. Fimwea hiyo sasa inaitwa debugprobe na inazungumza CMSIS-DAP, lugha ya pamoja ya vidibaga, kwa hiyo faili la zamani la `picoprobe.cfg` halifai kwake. Na bado ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote: Pico ya dola 4, pakia `debugprobe_on_pico.uf2`, unganisha GND kwa GND, GP2 kwa SWCLK, GP3 kwa SWDIO, GP4 kwa GP1 na GP5 kwa GP0 ya bodi unayoidibagi. Inafanya kazi ileile. Unachokosa ni ganda na kebo zilizo tayari, na hizo kebo, kwa anayefundisha darasa zima, zinastahili tofauti ya dola nane.

Kuhusu tafsiri: kurasa za nyaraka za tovuti yao zina leseni ya CC BY-SA 4.0 na chanzo chake kiko wazi GitHub, kwa hiyo chuo kinaweza kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuzisambaza kwa masharti yaleyale. Datashiti ya RP2040 ni CC BY-ND: unaruhusiwa kuigawa kwenye flashi diski kwa darasa lisilo na intaneti, lakini si kusambaza tafsiri yake.